Jogoo wa Tima na Ukingo wa Sinia

Jua limeshapanda Mbwajumali, na Tima yuko magotini mbele ya banda la kuku. Mkono mmoja umeshika kibaba cha mtama, mwingine umeshika mguu wa jogoo. Anaupima. Hana utepe wala rula. Anaunyoosha tu juu ya mkono wake mwenyewe, kutoka kiwiko kuja chini, kama fundi anayepima mkono wa kanzu.

"Tulia, baba," anamwambia jogoo. "Kesho wewe ndiwe bwana harusi."

Jogoo anamwangalia kwa jicho moja, halafu anarudi kwenye mtama kana kwamba harusi hiyo ni ya mtu mwingine.

Kesho ni Maulidi, mwaka huu wa 1969, na kijiji hiki cha kisiwa cha Pate hakikaliki. Huku wanatwanga bizari, kule wanapepeta mchele, watoto wamepakwa hina mpaka viganja vimeiva. Tima haendi popote. Tima anaangalia miguu ya kuku.

Hatua chache kutoka alipo, kwenye shina la mstafeli, yuko jogoo wa pili. Huyo sasa ni pande la jogoo. Rangi yake kahawia, mkia mweusi unang'aa kama hariri, na mwendo wake ni wa mtu aliyetumwa na serikali. Ndiyo maana walimwita Bwana Shauri, kama wale wakuu wa wilaya wa Kizungu. Leo lakini hafiki mbali, maana ana kamba mguuni.

Kamba hiyo hakuifunga Tima. Imefungwa na Bi Khairiya, mavyaa wake, yaani mama wa mumewe. Yeye ndiye mwenye nyumba, mwenye ua, na mwenye neno la mwisho.

"Huyu ni rehani," anasema Bi Khairiya, ameketi kizingitini akichambua mchele. "Kesho mguu wa mjukuu wake huyo unayempima ukitoka nje ya sinia, namfungulia. Usipotoka, namwita Obeid na kisu chake, na haya mambo ya kuku wa kisomo yamekwisha."

Amelisema hilo mbele ya majirani, tena wale wenye midomo. Hakuna kurudi nyuma.

Ukimuuliza Tima kazi yake atakwambia, "Mimi ni mtu wa kuku." Basi. Mumewe, Famau, hukata boriti kwenye mikoko ya bara, upande wa Mkokoni, na huja nyumbani mara chache. Mkononi mwa Tima kuna mayai na majogoo. Kila wiki anapakia matenga yake kwenye mashua ya kwenda Amu, mjini Lamu, na kule anakaa karibu na gati akiuza kwa walimu, polisi na makarani waliotoka bara.

Yai senti kumi. Jogoo mzuri shilingi tano, na akimpata mtu mwenye njaa na haraka, sita. Lakini si zamani sana alikuwa hapati hata tatu.

"Karani mmoja alimshika jogoo wangu, akampima kwa mkono hivi, akanirudishia," anasimulia Tima, na anacheka kabla hajafika mwisho. "Akaniuliza, 'Mama, huyu ni kuku, ama ni njiwa ameamka vibaya?' Nilirudi Mbwajumali nimenuna njia nzima. Nikamnunia hata kuku mwenyewe."

Kuku wa mtaa huu walikuwa wamekwisha. Hawakuwa wagonjwa, la. Walikuwa wadogo tu, na kila mwaka wadogo zaidi, kama nguo inayofuliwa sana.

Na hapo ndipo linapoingia sinia.

Sinia la Bi Khairiya ni la shaba, alirithi kwa mamake, na ukingo wake una nakshi ya majani. Katika mtaa huu, siku ya Maulidi, kila nyumba inatoa jogoo wake mkubwa kuliko wote. Anapikwa mzima, analazwa juu ya pilau, na miguu yake haikatwi. Inasafishwa ikasafishika, inaachwa imenyooka. Mguu ukitoka nje ya ukingo wa sinia ukaning'inia, nyumba hiyo imejitukuza. Wanawake wanaupigia vigelegele mlangoni, na habari yake inaongelewa mpaka Maulidi nyingine.

"Enzi za mamangu," anasema Bi Khairiya, "sinia likipita mlangoni ile miguu ilikuwa ikikwaruza nguzo. Si uwongo, alama zipo. Na miaka hii? Kuku amelala katikati ya sinia kama mtoto kitandani kwa babake. Sinia ni lilelile. Sinia halikui. Tukasema labda baraka imeondoka."

Baraka haikuondoka. Ilikuwa inaliwa.

Aliyeligundua ni mgeni, na aliligundua na mnofu uko mdomoni. Mwalimu Kemunto alifika Mbwajumali mwaka wa 1966, binti mdogo kutoka Kisii, cheti cha ualimu mkobani na bahari amemaliza kuitapikia nusu saa iliyopita. Akapewa chumba kwa Bi Khairiya. Mgeni ni mgeni. Bi Khairiya akatoa amri, na jogoo mkubwa kuliko wote uani akachinjwa.

"Nilikula mpaka nikaona haya," anasema Kemunto. "Halafu nikatazama nje. Majogoo waliobaki walikuwa wadogo wadogo, wanakimbizana kama vifaranga. Nikauliza, Bi, mbona huyu alikuwa mkubwa na wale ni wadogo? Wakubwa wengine wako wapi?"

"Wakubwa huliwa," Bi Khairiya alimjibu, akimwongezea mchuzi.

"Wote?"

"Maulidi anakwenda mkubwa. Idi anakwenda mkubwa. Mgeni akija, mkubwa. Ulitaka tukupe mdogo, utuseme kwenu?"

"Na hao wakubwa, kabla ya kuliwa, huwa wameshazaa?"

Bi Khairiya alimtazama mgeni wake kama mtu aliyeuliza kama jogoo huswali. "Mwanangu, jimbi mzuri akianza tu kuwika ana mwenyewe. Huyo wa kwanza kuwika ndiye wa kwanza kuchinjwa. Nani amngoje azae?"

Kemunto aliuweka mfupa chini polepole. Tima, aliyekuwa akimimina maji ya kunawa, anasema aliona uso wa yule binti umebadilika, akadhani pilipili imemzidi.

Siku kadhaa zikapita kabla pilipili hiyo haijatoka. Kemunto alikuwa na darasa la ngumbaru, wanawake wazima wanaojifunza kusoma baada ya watoto kwenda nyumbani. Alasiri moja wakachoka na a-e-i-o-u, wakamwambia, Mwalimu, tupe hadithi. Akawapa aliyosomea chuoni.

Akawaambia palikuwa na kijana wa Kiingereza, jina lake Darwin, aliyepanda meli akazunguka dunia kwa miaka mitano, zaidi ya miaka mia iliyopita. Akafika kwenye visiwa vya mbali huko magharibi ya Amerika. Kila kisiwa kina ndege wake, na wale ndege wamefanana kama ndugu. Lakini huyu mdomo wake ni mnene wa kuvunja mbegu ngumu, na yule wa kisiwa cha pili mdomo wake ni mwembamba wa kuchokolea wadudu.

"Kama watu wa Pate na watu wa Amu," akadakia mwanamke mmoja. "Ndugu, lakini midomo mbalimbali."

Darasa zima likaanguka kicheko. Kemunto akangoja. Kisha akaendelea kwamba yule Darwin alipofika nyumbani kwao alifuga njiwa. Akakaa na wafugaji wa njiwa, watu wa kawaida, akawauliza mnafanyaje mpaka mnapata njiwa mwenye mkia kama kipepeo? Wakamwambia, tunachagua. Mwenye mkia mzuri anazaa, asiye nao hazai. Mwaka baada ya mwaka mkia unazidi.

Hapo Tima aliacha kucheka.

"Akajiuliza," Kemunto akasema, "hapa nyumbani anachagua mfugaji. Na huko porini, pasipo na mfugaji, anachagua nani? Akaona anayechagua ni maisha yenyewe. Njaa inachagua. Ukame unachagua. Adui anachagua. Kila kiumbe huzaa watoto wengi kuliko wanaoweza kuishi, na hao watoto hawafanani. Anayefaa pale alipo ndiye anayebaki na kuzaa, na watoto wake humfuata. Ukiwapa muda, tena muda mrefu sana, maelfu na maelfu ya vizazi, wanabadilika mpaka wanakuwa kitu kingine. Lakini aliogopa maneno ya watu. Akakaa na fikra hiyo miaka ishirini bila kuitangaza."

"Miaka ishirini?" Tima aliuliza. "Alimwogopa nani, mavyaa wake?"

"Labda," Kemunto akajibu, naye akacheka. "Mpaka Mwingereza mwingine, Wallace, aliyekuwa akihangaika na homa huko visiwa vya mashariki ya mbali, akalifikiria jambo lilelile peke yake. Ndipo yakatangazwa ya wote wawili kwa pamoja."

Tima hakungoja darasa liishe. Alikwenda nyumbani moja kwa moja, akaingia uani, akasimama katikati ya kuku.

"Nilihisi kama mtu aliyetafuta funguo nyumba nzima, kumbe ameishika," anasema. "Wale wa njiwa walikuwa wakichagua wazuri wazae. Na sisi tulikuwa tukichagua pia, tena kwa bidii, kuliko hata wao. Ila tulichagua wazuri tukawala. Tukawaachia vijeba kazi ya ubaba."

Yaani hebu fikiria. Miaka yote hiyo, mtaa mzima, kwa ukarimu na kwa kumpenda Mtume, walikuwa wakifuga kuku wadogo kwa makusudi bila kujua. Hakuna mtu mwingine duniani angefanya kosa hilo ila mtu mkarimu.

Katika uwanja kulikuwa na jogoo mmoja kijana, ndio kwanza anajaribu sauti. Miguu mirefu, kifua mbele. Alikuwa mtoto wa yule aliyeliwa na Kemunto, katika vifaranga wachache aliobahatika kuacha kabla ya kisu. Ndiye Bwana Shauri. Na Maulidi ya 1967 ilikuwa inakuja, na jicho la Bi Khairiya lilikuwa limeshamwona.

Siku ile nyumba ilitikisika. Tima alimwambia mavyaa wake, kwa adabu zote, kwamba huyu asichinjwe.

"Nyumba yangu itoe nini, mayai?" Bi Khairiya aliuliza.

"Tutoe yule mwekundu, Mama."

"Yule mwekundu hata paka wangu hamwamkii."

"Mama, nipe Maulidi mbili. Hii na ijayo. Ya tatu nitakutolea mguu unaoning'inia nje ya sinia la mamako. Nisipoweza, Bwana Shauri ni wako, na banda ni lako, na mimi sitalitaja tena."

Bi Khairiya alilala nalo. Siku ya pili akasema, "Maulidi mbili," basi, akaenda zake.

Usidhani ilikuwa rahisi. Obeid, jirani yao, ndiye mchinjaji wa mtaa. Hulipwa shingo na firigisi kwa kila kuku, kwa hiyo hili lilimgusa tumboni. Sinia la kwanza la Tima lilipopita na yule mwekundu, Obeid aliinama akatazama ndani ya pilau kama anayetafuta pete.

"Bi Tima, kuku yumo humu, ama tumwombee tu?"

Watu wakacheka mpaka wakashika kuta. Jina la Bi Bahili likazaliwa siku hiyo. Watoto walikuwa wakiliimba nje ya ua, na Tima anakiri lilimchoma, maana kwa watu wake ubahili ni aibu kuliko umaskini.

Kisha vifaranga wa kwanza wa Bwana Shauri wakakua, na hapo ndipo moyo ulipotaka kumvunjika. Wawili watatu walitoka warefu. Wengine wa kawaida. Na wengine, maskini, wadogo kama zamani.

"Nikamwendea Mwalimu nimefura. Nikamwambia, Mwalimu, hadithi yako ya uwongo. Baba mmoja, mbona watoto hawafanani?"

Kemunto alikuwa akisahihisha madaftari. Alimtazama akatabasamu. "Bi Tima, wangefanana wote, wewe ungechagua nini?"

Tima anasema neno hilo aliliweka moyoni kama hirizi. Kutofanana si hasara. Kutofanana ndio mtaji. Akawachukua wale warefu, akawatenga na matetea warefu, wadogo akawapeleka Amu, na akaanza tena.

Mara akatokea kifaranga mweupe.

Mweupe pe, kama pamba. Babake kahawia, mamake mweusi. Obeid alipita, akamwona, akasimama hapo hapo kwenye uzio.

"Ehe. Bi Tima, huyo tetea wako mtulivu yule?"

"Mtulivu."

"Basi ana siri. Nyumba ya Bwana Ridhwani kule juu wana jimbi mweupe. Mimi sisemi kitu. Mimi ni mpita ndia."

Mtaa mzima ukamchafulia kuku jina. Tetea wa watu akawa anatazamwa kwa jicho la pembeni kila akipita. Ilibidi Kemunto aje aketi uani na kuwatolea hadithi nyingine, ya mtawa mmoja wa Kikristo huko Ulaya, Mendel, aliyekuwa akipanda njegere kwenye bustani ya nyumba yao ya watawa. Alipanda za shina refu na za shina fupi, akazichanganya. Watoto wote wakatoka warefu. Ufupi umekwenda wapi? Umejificha. Maana alipozalisha hao watoto, kwa wajukuu ufupi ukatokea tena, kwa kila wanne kama mmoja hivi.

"Kila mtoto anapokea sehemu mbili, ya mama na ya baba," Kemunto alieleza. "Moja inaweza kunyamaza, nyingine ikasema. Iliyonyamaza haijafa. Huyu mweupe amepata kimya cha baba na kimya cha mama, vikakutana."

Bi Khairiya, aliyejidai hasikilizi, akainua kichwa. "Mama wa mamake huyu tetea alikuwa mweupe. Nilimla mimi kwenye arobaini ya marehemu Kamaludin."

Basi tetea akasafishwa jina. Obeid aliletewa habari, akasema yeye toka mwanzo alijua ni mwanamke wa heshima.

"Na huyo mtawa walimsifu?" Tima aliuliza.

"Hakuna aliyemsikiliza," Kemunto akajibu. "Alikuwa ameshakufa zamani watu walipokuja kugundua alisema kweli."

"Masikini. Hata yeye alikuwa na Obeid wake."

Yule mweupe hakudumu. Mwewe alishuka mchana kweupe, katikati ya kundi la vifaranga kahawia na weusi waliojibanza kwenye majani makavu, akamnyakua yeye. Na waliotokea weupe baada yake, karibu wote walikwenda hivyo hivyo. Tima alilia kwa wa kwanza. Wa pili aliponyakuliwa alisimama tu na ufagio mkononi, akifikiri.

"Nikasema, ala. Kumbe uani kwangu tuko wachaguzi wawili. Mimi nachagua miguu. Mwewe anachagua rangi. Yeye hana nia yoyote, anachukua anayemwona. Ndiyo maana kuku weupe ni wachache kisiwani, na hakuna mtu aliyekaa akapanga. Siku hiyo ndipo niliielewa hadithi ya yule wa njiwa yote, sehemu ya nyumbani na sehemu ya porini."

Maneno yalivuka uzio, yakafika barazani kwa Maalim Muhdhar, mwalimu wa chuo cha Kurani, mtu mpole mwenye masihara yake. Akamwita Kemunto.

"Mwalimu, hawa kuku wa kubadilika nimewasikia. Na mtu je, naye yumo?"

Kemunto angeweza kukwepa, lakini hakukwepa. "Wataalamu wanasema yumo, Maalim. Wanasema ukirudi nyuma sana, viumbe wote wana ukoo mmoja."

Maalim Muhdhar akazungusha kikombe chake. "Hilo mimi na wewe tutakaa tulizungumze. Mimi nina Kitabu changu na wewe una chako, hatutakubaliana, na kahawa itakuwa tamu. Lakini hili la kuku ni la macho. Kizuri alichotupa Mungu tulikila kabla hakijazaa. Hata shamba mtu huweka mbegu."

Hilo la mbegu ndilo lililowaingia watu. Mkulima wa mtama hali mbegu zake, hata awe na njaa. Mbona jogoo?

Kemunto aliwaambia pia kwamba kuku wote wa dunia wametoka kwa kuku-mwitu wa misitu ya huko Bara Hindi na mashariki yake, wakasambaa na watu mpaka wakafika huku. Bi Khairiya, ambaye hukutajia ukoo wake hadi Hadhramaut kule Uarabuni hata usipomuuliza, aliwatazama kuku wake kwa heshima mpya. "Nao wametoka ng'ambo," alisema. "Hebu waongezeeni mtama."

Maulidi ya 1968 Tima alitoa jogoo wa katikati. Wale bora walikuwa ndio kwanza wanapanda matetea. Bi Bahili ikaimbwa mwaka wa pili. Lakini kule Amu karani yuleyule alimshika jogoo kwa mkono mmoja, akaongeza wa pili, na akalipa bila ya masihara. Tima alirudi safari hiyo anaimba.

Na sasa ni kesho yenyewe. Maulidi ya tatu imefika.

Jogoo wa sinia amechinjwa na Obeid alfajiri, mjukuu wa Bwana Shauri, na huyu hakwenda kama wale wa zamani. Ameacha vifaranga wanaokimbia uani sasa hivi. Hiyo ndiyo sheria moja ya Tima: kula mzuri, sawa, lakini baada ya kuzaa.

Anaingia chunguni akining'inia pande zote. Ndipo Tima anapokumbuka kitu ambacho hakukipima kabisa katika miaka hii miwili. Nyama ikiiva hunywea.

"Mwalimu," anamnong'oneza Kemunto jikoni, "yule Darwin alisema chochote kuhusu kupika?"

"Hakusema, dada."

Wanakaa wawili wakikitazama chungu kama watu wanaongoja matokeo ya mtihani. Bi Khairiya anakuja, anafunua, anafunika, anaondoka. Nje Bwana Shauri anawika na kamba yake mguuni.

Pilau inapakuliwa. Sinia la shaba limesuguliwa kwa ndimu na jivu mpaka linawaka. Jogoo analazwa juu. Tima ananyoosha mguu wa kulia, halafu wa kushoto, na hatazami. Anatazama ukuta.

Vijana wanalibeba sinia. Kwenye mlango wa ua wanawake wamejipanga, mashavu yamejaa vigelegele ambavyo bado havina ruhusa. Obeid yuko pale na kisu kiunoni. Sinia linapita kizingiti, na kinasikika kitu kidogo sana.

Kwaruu.

Ni kucha za mguu wa kulia, kwenye nguzo ya mlango.

Bi Khairiya anawasimamisha wabebaji, anakuja, anaweka kidole kwenye ukingo wenye nakshi ya majani. Kidole kinakaa kati ya ukingo na vidole vya kuku, na nafasi ya kidole cha pili ipo. Kisha anakwenda kwenye nguzo. Zipo alama za zamani, zimefifia, za enzi za mamake. Na chini yake kidogo mchirizi mpya mweupe wa chokaa iliyokwaruzwa.

Vigelegele vinapaa hata njiwa wa msikiti wanaruka.

"Obeid," Bi Khairiya anaita. "Lete kisu."

Tima anasogea kuelekea mstafeli. Obeid anaingia uani, anafika mpaka kwenye mstafeli, anamtazama Bwana Shauri, anamtazama bibi.

"Kata kamba," anasema Bi Khairiya.

Obeid anakata. Bwana Shauri hata hashukuru. Anajitikisa manyoya, anapita katikati ya wageni na mikono nyuma, ungedhani, kwenda kukagua vifaranga.

Alasiri, sinia limerudi tupu, na Obeid ndiye wa kwanza kuja uzioni. Amevua kofia.

"Bi Tima. Yule jimbi. Hana mtoto mmoja wa kuniazima?"

"Si ulisema tumwombee?"

"Na dua imejibiwa," anasema Obeid bila hata kupepesa. "Sasa nataka fungu langu."

Tima amempa. Ndio mpango wake wenyewe. Anataka kila nyumba ya Mbwajumali iazime jogoo mrefu, imwache azae kwanza, ndipo wamle wapendavyo, na mtoto wake mmoja arudi bandani kwake. Famau ameahidi kuwapeleka wawili Mkokoni safari yake ijayo ya boriti. Wengine watakwenda Amu.

"Sitaki kuku wazuri wawe kwangu tu," anasema, amekaa chini kabisa, ameegemea banda, amechoka kwa raha. "Wakiwa kwangu tu, ugonjwa mmoja ukija tumekwisha. Nataka wasambae nti nzima. Na wasifanane, wala. Wakifanana sitakuwa na kazi."

Chini ya tenga pembeni yake kuna kifaranga mweupe, wa juzi juzi. Huyo Tima amemfunika ili mwewe asimwone. Anataka tu kumwona amekua.

Bi Khairiya anatoka na sinia lake, anakausha matone ya mwisho kwa upindo wa leso. Analizungusha, anaupapasa ukingo ambao tangu ujana wake aliapa kwamba hauna kosa.

"Tima, ukenda Amu wiki hii," anasema, "mpitie yule fundi wa shaba. Muulize anaweza kutufulia jingine. Hili limekuwa dogo."